Mafua ya Kuku Siyo Mafua ya Ndege: Soma Kabla Hujauza Banda Zima kwa Hasara

Wiki hizi mbili napigiwa simu sana, na swali ni lile lile: "Afisa, eti mafua ya ndege yameingia? Niuze kuku wote?" Nimeona niandike somo moja nijibu wote kwa pamoja.

Taharuki yenyewe imeanzaje? Mfugaji mmoja aliweka picha ya kuku aliyevimba jicho kwenye kundi la WhatsApp, akauliza: "Kuku wangu wana mafua, nitumie dawa gani?" Swali la kawaida kabisa. Kufika jioni habari ilikuwa imegeuka kuwa mafua ya ndege, na kesho yake vijana wa chipsi kuku wakapunguza oda. Kijana mmoja kwenye kata yangu alikuwa na broila 500 waliofika siku ya 36. Akaogopa, akawatoa wote kwa bei ya kutupa. Dalali aliyewanunua hakuogopa mafua hata kidogo, aliwapakia kwenye matenga akaenda kuwauza mjini.

Simlaumu yule kijana. Kuku 500 wa wiki 5 wanamaliza mfuko wa kilo 50 wa chakula kwa siku na zaidi. Ukisubiri wiki nzima wateja warudi, faida yote imeliwa. Ndiyo maana mfugaji wa biashara lazima ajue hofu ipi ni ya kweli na ipi ni ya maneno tu.

Mafua mawili, jina moja

Tatizo linaanzia kwenye jina. Yale tunayoita mafua ya kuku siku zote, wengine wanasema koraiza, yanaletwa na bakteria. Kuku anavimba uso, macho yanajaa machozi, puani anatoa ute wenye harufu mbaya, na kula kunapungua. Wanaotaga wanashusha mayai. Lakini kwa kawaida vifo ni vichache, na dawa za antibayotiki zinasaidia zikitolewa mapema kwa kipimo sahihi. Binadamu haambukizwi.

Mafua makali ya ndege ni kitu kingine kabisa. Hayo yanaletwa na kirusi cha influenza, na antibayotiki haikigusi. Jana kuku wamekula vizuri, leo asubuhi unakuta kadhaa wamekufa, wengine hata dalili hawakuonyesha. Waliobaki utaona upanga na ndevu zimekuwa za zambarau au bluu, kichwa kimevimba, miguuni kuna madoa mekundu ya damu iliyovilia, na mayai yanatoka na ganda laini au hayatoki kabisa.

Sasa hapa kuna mtego. Kideri, au mdondo kama wengine mnavyouita, nacho kinaua banda zima kwa siku chache. Kuku wanaharisha kijani, wanahema kwa shida, wengine shingo zinapinda. Kwa macho peke yake mimi siwezi kukuhakikishia hiki ni kideri na hiki ni mafua ya ndege, na mtu yeyote anayekuambia ameona picha tu akajua, anakudanganya. Jibu linatoka maabara.

Ndiyo maana nawasumbua kila mara na chanjo ya kideri. Ile ya tone moja la jicho, I-2, inarudiwa kila miezi 3 kwa kuku wanaokaa muda mrefu, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuku mmoja. Chanjo hiyo haikingi mafua ya ndege, tuelewane. Ila banda lako likiwa limechanjwa vizuri na kuku bado wanakufa kwa wingi, tunajua mapema kwamba hili jambo siyo la kawaida. Asiyechanja tunaanza naye gizani.

Ugonjwa huu umetembea vipi

Kirusi cha H5N1 kilijulikana kwa bata bukini kusini mwa China mwaka 1996. Mwaka 1997 kikaingia Hong Kong, watu 18 wakaugua na 6 wakafa, na serikali ya kule ikaua kuku zaidi ya milioni 1 kukikata. Afrika kilithibitishwa mara ya kwanza Februari 2006 huko Nigeria, jimbo la Kaduna, na mwezi huo huo Misri.

Kwetu huku Kanda ya Ziwa linalotuhusu zaidi ni la Januari 2017. Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege, aina ya H5N8, kwa ndege wa porini waliokutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kwa kuku na bata wa kufugwa upande wa Masaka. Kenya ikafunga mara moja kuku na mayai kutoka Uganda. Fikiria mfugaji wa Uganda ambaye kuku wake walikuwa wazima kabisa, soko la nje limefungwa kwa siku moja. Na ziwa ni hilo hilo letu. Ndege wa majini hawapiti Mutukula kugongewa muhuri, wanaruka tu. Wale wahamaji kutoka Ulaya na Asia wanakuwa huku kuanzia kama Oktoba hadi Machi, kipindi ambacho nawaomba mkaze macho.

Afrika Kusini mwaka 2023 walipata H5N1 na H7N6 kwa pamoja, kuku wa mayai wakateketezwa kwa wingi hadi mayai yakaadimika madukani. Mwaka 2024 Marekani wakakikuta kirusi cha H5N1 kwenye ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo anayesema mambo haya ni uzushi wa wazungu naye amekosea.

Je, mtu anaambukizwa?

Ndiyo, ila siyo kwa njia ambayo watu wanaiogopa. Tangu mwaka 2003 duniani watu zaidi ya 900 wamethibitishwa kuugua H5N1 na karibu nusu yao wamefariki. Ni ugonjwa mbaya ukikupata. Lakini wengi wao walishika kuku wagonjwa au waliokufa, walichinja, walinyonyoa, au walikaa mahali palipojaa kinyesi cha ndege hao. Hakienei kirahisi kutoka mtu hadi mtu.

Mla kuku aliyeiva hana sababu ya kukimbia. Joto la nyuzi 70 likifika kila sehemu ya nyama linaua kirusi. Yai liive hadi kiini kigande. Hili mwambie mteja wako kwa mdomo wako, usisubiri redio. Aliye hatarini zaidi ni wewe, kijana wako wa banda, na mama anayewachinjia wateja pale sokoni.

Na hapa niseme wazi kitu kinachoniudhi: ile tabia ya kuku wakianza kufa, tunachinja haraka waliobaki tuuze kabla hawajafa. Kama ni kideri, unasambaza kideri kata nzima kupitia manyoya na matumbo. Kama ni mafua ya ndege, umemweka mtu roho mkononi kwa ajili ya faida ya siku moja.

Vifo vikizidi, fanya hivi

Kuwa na daftari la vifo. Kwa broila 500 kufa mmoja kwa siku siyo ajabu. Kipimo changu mimi: wakifa 5 kwa siku moja bila sababu unayoiona, kama joto au kukosa maji, na kesho wakaongezeka, piga simu kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo. Usianze kuzunguka maduka ya dawa. Usiuze, usigawe, usihamishe kuku, mayai wala mbolea. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa, ila hata bila sheria, sampuli ya kupeleka TVLA inatakiwa mapema, mzoga ukioza hausaidii.

Najua kwa nini watu wanaficha. Wanaogopa banda kufungwa na majirani kuwanyooshea kidole. Lakini ukificha, jirani yako anakuja kuazima trei kesho.

Trei! Watu wanaweka dawa ya miguu mlangoni, vizuri, halafu wanapokea trei za karatasi zilizozunguka mashamba kumi. Tumia za plastiki, zioshe kwa sabuni na dawa, zikauke juani. Kirusi hiki sabuni na jua vinakimaliza. Baridi na kinyesi kibichi ndivyo vinakihifadhi. Mnunuzi na matenga yake abaki getini, kuku wapelekwe kwake. Gari la mbolea lisisogee banda. Viatu vya bandani visitoke bandani. Bata usichanganye na kuku, maana bata anaweza kubeba kirusi huku anaonekana mzima, na maji ya ziwani au mtoni yasinyweshwe kuku bila kutiwa dawa.

Mizoga usiishike mikono mitupu. Vaa glavu, au mifuko miwili ya plastiki mkononi, na barakoa, na usipasue kuku kutazama ndani, kazi hiyo tuachie sisi. Tukishachukua sampuli, iliyobaki ichomwe au ifukiwe shimo refu mbali na kisima. Mbwa na paka wasipewe, paka hasa, kirusi hiki kinawaua.