Mgongo ni amana, shambani na katika swala



Ndugu Waislamu, hapa Karagwe na kwa jirani zetu wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka kwetu mwaka 2012, maisha yetu ni kibanja. Tunapalilia migomba na mibuni tukiwa tumeinama, tunabeba mikungu na magunia ya kahawa, na jioni tunashika kiuno. Wengine husema ni uzee, wengine wamerogwa.

Aghlabu sababu iko wazi. Ukiinama kwa mgongo uliopinda na kuinua mzigo ulio mbali na mwili, pingili za kiunoni huelemewa kuliko uzito wa mzigo wenyewe. Basi chuchumaa, sogeza gunia kifuani, inuka kwa nguvu za miguu. Tia jembe mpini mrefu, na usidumu katika mkao mmoja. Ukiumwa, usijilaze wiki nzima. Tembea kadiri uwezavyo. Lakini maumivu yakija pamoja na miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia haja, homa au kukonda, wahi hospitali. Kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo.

Lililonisukuma kuandika ni mzee mmoja wa mtaani kwangu. Ameacha kuja msikitini kwa sababu kijana alimwambia kuwa kuswali kwenye kiti ni uvivu. Huko ni kuisemea dini bila elimu! Imran bin Huswain (r.a) aliugua bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu swala. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Hadithi hii ameipokea Imam Bukhari. Kwa hiyo anayeweza kusimama asimame, na anayeshindwa kusujudu aashirie, sijida yake ikiwa chini zaidi ya rukuu.

Na sisi wenye afya tusidonoe kama kuku. Mtume (s.a.w) aliporukuu, mgongo wake ulinyooka, kichwa hakukiinua wala hakukiinamisha. Hatuswali kwa ajili ya mazoezi, tunaswali kwa kuwa tumeamrishwa; lakini viungo vina haki yake katika utulivu ule.

Ijumaa hii, inshaallah, nitampitia yule mzee, na kiti nitambebea mimi. Nawe msomaji, tazama safu ya msikiti wenu: ni nani hayupo, na ni nani aliyemkatisha tamaa?