Mguu Ukiteguka, Usikimbilie Kukandwa

Karibu kila kikundi cha vijana kina timu ya mpira, na msimu haupiti bila mtu kuteguka kifundo cha mguu. Mguu hupindukia ndani, kano za upande wa nje zinavutika au kuchanika, damu inavuja ndani, pale pale panavimba. Hapo ndipo tunakosea. Tunambeba mchezaji hadi kwa mkandaji, anavutwa mguu, anakandwa kwa maji moto. Joto na kukanda siku hiyo huzidisha uvimbe.

Kwanza tuangalie mfupa. Kama hawezi kwenda hatua nne, hata kwa kuchechemea, au anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, nyuma yake au kwenye ncha, apelekwe hospitali akapigwe picha.

Kama sivyo, alale na mguu uinuliwe kupita moyo. Barafu ikiwako, izungushiwe kitambaa, awekewe kwa dakika 15 hadi 20, halafu irudiwe baada ya saa 2 au 3. Huku kwetu barafu tutatoa wapi? Kitambaa cha maji baridi ya mtungi kitasaidia. Bandeji ianzie karibu na vidole ipande juu. Vidole vikifa ganzi, ilegeze.

Lakini asikae kitandani wiki nzima. Baada ya siku 2 au 3 aanze kukanyaga kadiri maumivu yanavyomruhusu, na aandike a, b, c hewani kwa kidole gumba cha mguu. Baadaye ashike ukuta, ainuke kwa vidole.

Zoezi linalodharauliwa ni kusimama kwa ule mguu ulioumia peke yake. Wachezaji wanasema eti ni mchezo wa watoto. Kumbe kano ikiumia, mguu hupoteza ule ujuzi wa kujisawazisha, ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena na tena, mpaka hata kubeba mtungi kunamshinda. Asimame nusu dakika, mara kadhaa kwa siku, halafu afumbe macho. Aendelee kwa wiki kadhaa, hata kama haumwi.

Kabla ya kurudi uwanjani aruke kwa mguu huo mmoja, akimbie moja kwa moja, kisha akimbie akizunguka kama namba 8. Akichechemea, bado. Kocha akisema fainali ni Jumamosi, mwambieni atafute mwingine.

Mkikutana tena, simameni wote kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, kisha mwingine. Mtacheka, ndiyo. Lakini mkiona mtu ambaye mguu mmoja unatetemeka kuliko mwenzake, muulizeni kama aliwahi kuteguka.