Eti Nilibebwa

*Shangazi, natoka Mandera na niko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Mwenzangu wa chumbani amejua kwamba niliingia kwa nafasi za maeneo yaliyoachwa nyuma. Kaka yake, aliyelelewa Mathare, alinizidi pointi na kozi hii akaikosa. Siku hizi mwenzangu huyo ananiita "mbebwa". Shuleni kwetu bureti ya maabara niliishika mara ya kwanza siku ya mtihani wa kemia, lakini nani atanisikiliza? Naona kama nimeiba kiti cha mtu. Niache kozi?*

Binti yangu, kozi usiache. Ukiondoka leo, kiti hicho hakiendi kwa kaka wa mwenzako. Kitabaki kitupu tu.

Wizi haupo. Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali izipe jamii zilizotengwa nafasi maalum katika elimu. Wala si Kenya peke yake: Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 mwaka 1990. Sababu ya nafasi hizo unaijua kuliko mimi. Mwaka 2020 TSC, tume ya kuajiri walimu, iliwaondoa walimu wasio wenyeji Mandera, Wajir na Garissa kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab, na watoto waliobaki bila mwalimu wakaendelea kusubiri mtihani uleule wa KCSE wa nchi nzima. Halafu hiyo bureti yako! Aliyeizoea tangu kidato cha pili aliidondosha asidi tone kwa tone akaifunga bureti rangi ilipogeuka. Wewe ulikuwa bado unatafuta inafunguliwa wapi. Alama zile zilipima kichwa chako na shule yako pamoja.

Lakini mwenzako naye ana hoja. Mathare iko Nairobi, na Nairobi hakuna anayeiita eneo lililoachwa nyuma, hata kama mtoto kasomea darasa la mabati. Huku mtoto wa tajiri wa Mandera, aliyesomea bweni la bei ghali jijini, anaweza kupita mlango uleule uliopitia wewe. Mimi ningetaka wanaogawa nafasi waangalie shule mtu aliyofanyia mtihani kabla ya kuuliza kaunti ya babake. Kasoro hiyo ni ya waliotunga utaratibu, si yako.

Mitihani ya chuo, hata hivyo, haina nafasi maalum. Mwombe fundi wa maabara akuruhusu kuingia saa zisizo na darasa. Fiziolojia ikikulemea, mwone mhadhiri kabla ya jaribio la CAT, usingoje mtihani wa sapu.

Na huyo kaka aulizie KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, habari za uhamisho wa mwaka wa kwanza. Viko vyuo ambako kozi hiyohiyo huchukua wenye pointi za chini kidogo. Afanye haraka, dirisha halikai wazi.