Hadiya ya Usiku wa Kuamkia Idi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), pamoja na Ali zake na Sahaba zake, darsa yetu ya leo ni juu ya hadiya, na khasa hadiya ya mtu ambaye wakati umemfikia na mkononi hana kitu.

Kila mwaka mwezi wa Shawwal ukiisha kuandama, twayaona yale yale katika miji yetu. Maduka ya Marikiti na ya njia ya Biashara hapa Mombasa hujaa watu mpaka usiku mkubwa. Huyu anamtafutia mamaake leso, yule anawatafutia watoto wa nduguye viatu, na mwengine hajui atafutalo, ila anajua kuwa asubuhi ataingia nyumba ya wakwe zake, na aona haya kuingia mikono mitupu. Basi hununua kilicho mbele ya macho yake, kwa bei aitakayo mwenye duka. Akipungukiwa hukopa, na siku hizi mkopo umo ndani ya simu, hupatikana kabla mtu hajavuka njia, nao hulipwa kwa nyongeza, na nyongeza hiyo ndiyo riba. Mtu huyu amefunga siku 29 au 30 kwa kumtii Mola wake, kisha usiku ule ule wa kumaliza ameingia katika jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameliharimisha waziwazi katika Sura ya Al-Baqara. Na alilolitaka lilikuwa ni jema!

Hatusemi haya kwa kuwazuilia watu kupeana. Kupeana ni sunna, na imepokewa kutoka kwa Abu Huraira kuwa Mtume (S.A.W.) alituhimiza tupeane hadiya ili tupendane. Twasema kwa sababu wengi wetu tumeusahau mzizi wa jambo lenyewe, tukashika matawi.

HADIYA NI NINI?

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, na miongoni mwao Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj, wameyatenga mambo matatu. Kumilikisha mtu kitu bila ya badali huitwa hiba. Akipewa mwenye haja kwa kutaka thawabu za Akhera, hiyo ni sadaka. Na kitu kikichukuliwa kikapelekwa mpaka alipo mwenye kupewa, kwa kumkirimu, hiyo ndiyo hadiya.

Zingatia, ewe ndugu msomaji, mambo mawili yaliyomo humo: kupeleka na kukirimu. Bei haikutajwa, wala ukubwa wa kitu, wala karatasi ya kukifungia. Kwa hivyo aliyekwenda kwa miguu yake kwa shangazi yake na kisahani cha tende ametimiza maana ya hadiya. Na aliyetuma kitu cha thamani kwa mtu asiyejua hali yake, ili asije akasemwa, huyo ametimiza desturi, na maana yake imempita.

YA KUTANGULIZWA

Kabla ya mtu kufikiri hadiya usiku huo, na atazame yaliyo wajibu juu yake. La kwanza ni Zakatul-fitri. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kuwa Mtume (S.A.W.) aliifaradhisha, akaamrisha itolewe kabla ya watu hawajatoka kwenda kusali Idi. Nayo ni pishi moja ya chakula cha mji kwa kila kichwa. La pili ni deni lililofika muda wake na mwenyewe analingojea. Haiwi sawa kumpa mtu kwa khiyari hali mwengine umemzuilia haki yake. Hadiya ni sunna, na faraidhi hutangulia.

MASWALI MATATU YA KUJIULIZA WAKATI UMEBANA

La kwanza: Nimpe nani? Bibi Aisha (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuwa ana majirani wawili, ampelekee yupi, naye akamjibu kuwa ni yule ambaye mlango wake uko karibu naye zaidi. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Twafahamu hapa kuwa kitu kikiwa kimoja na muda ni mchache, hapana haja ya kuzunguka mji mzima. Anza na wazee wako na jamaa zako, kisha mlango ulio mbele yako. Wangapi hupeleka sinia kwa tajiri wa mtaa wa pili, na nyuma ya ukuta wao pana mjane asiyebishiwa hodi!

La pili: Nina nini nyumbani? Mtume (S.A.W.) aliwaambia wanawake wa Kiislamu wasidharau kupelekeana, jirani kwa jirani, hatta ikiwa ni ukwato wa mbuzi. Hii ni katika Bukhari na Muslim. Na katika Muslim alimuusia Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi auzidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Basi nyumba iliyopika mahamri usiku wa Idi haikukosa hadiya. Na iliyo na halwa, au mbata, au chupa ndogo ya mafuta mazuri, imo katika kheri. Na katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kurudisha rihani akipewa, kwa sababu ni nyepesi kuchukulika na harufu yake ni nzuri. Hii pia ni kanuni kwa mtoaji: toa kitu kisichomlemea mwenzio kukipokea, wala kisichomfanya akeshe akifikiri vipi atakulipa.

La tatu: Yeye ahitaji nini? Hapa ndipo penye uzito wa darsa hii. Bibi mzee asiyeweza tena kuinama, kiti kifupi cha kutilia udhu kitamfaa kuliko leso ya kumi katika sanduku lake. Mgonjwa aliye kitandani, mjukuu wa kukaa naye tangu adhuhuri hatta alasiri, akamsomea Qur'ani na kumpa maji, ni hadiya asiyoisahau. Mama mwenye watoto wadogo, kuchukuliwa wanawe saa mbili asubuhi ya Idi ili aoge na avae kwa utulivu, hilo halinunuliwi popote. Na aliye mbali, sauti yako kwa simu kabla hajaipata ya mwengine ni bora kuliko maneno yaliyotumwa kwa watu mia.

Wala usidhani kuwa kisichoshikika kwa mkono si hadiya. Imepokewa na Bukhari kuwa Sahaba Ka'b bin Ujra alikutana na Abdurrahman bin Abi Laila, akamuuliza kama ampe hadiya, kisha akamfundisha namna ya kumsalia Mtume (S.A.W.) kama alivyofundishwa yeye, nayo ndiyo sala tuisomayo katika tahiyyatu. Walikutana tu, hapakuwa na matayarisho, na hadiya ile imefika mpaka kwetu sisi leo.

ADABU ZAKE

Katika kuwapa watoto, tufanye uadilifu. Baba yake Nu'man bin Bashir alimpa mwanawe kitu, akaja kutaka Mtume (S.A.W.) awe shahidi, akaulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wake. Aliposema la, akaamrishwa amche Mwenyezi Mungu na awafanyie uadilifu wanawe. Mwenye haraka usiku wa Idi humnunulia yule aliyelia sana, akamsahau aliyenyamaza; na aliyenyamaza huona.

Tena tusisimbulie. Katika aya ya 264 ya Sura ya Al-Baqara, Mwenyezi Mungu ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na mwenye akili hulichunga hilo katika hadiya yake pia. Na ile desturi ya arusini ya kuandika daftari ya aliyetoa na alichotoa, kisha mtu akadaiwa siku yake kama adaiwavyo na muuza duka, imeigeuza hadiya ikawa deni. Kulipa wema kwa wema ni sunna, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa akikubali hadiya na akiilipa, lakini kulipa kwa mapenzi si sawa na kudaiwa kwa daftari.

MWISHO WA DARSA

Ndugu zetu, mtu asimamaye dukani usiku wa manane asijue amnunulie nini nduguye, taabu yake haikuanza usiku ule. Imeanza tangu miezi ile aliyopita mlango wake asiingie. Ajuaye kuwa kandili ya mwenzake imevunjika, au miwani yake haioni tena, au mwanawe amefukuzwa chuoni kwa kukosa ada, huyo hahitaji kufikiri. Hadiya yake imekwisha kujijulisha. Basi ukishindwa kujua cha kumpa jamaa yako, ichukulie kuwa ni khabari umeletewa: hali yake huijui. Nenda kwake kwa kile kidogo ulicho nacho, ukae, umuulize na umsikilize. Kuunga kizazi ni wajibu, na huko kwenda kwako ndiyo hadiya ya mwanzo. Ya mwaka ujao hutaitafuta usiku.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na atie mapenzi baina ya nyoyo zetu. Amin.

Maswali ya kuzungumzwa darsani:
1. Ni ipi tafauti baina ya hiba, sadaka na hadiya?
2. Ni yepi ya kutangulizwa kabla ya hadiya usiku wa Idi?
3. Taja jirani mmoja ambaye hukuingia kwake mwaka huu. Wadhani ahitaji nini?