Daraja C Mbili: Mwanafunzi wa Kigeni na Kazi ya Nje ya Chuo

Wanachuo wenzangu, bumu likichelewa mada vijiweni ni ileile: nani anajua sehemu inayolipa? Kwa Mtanzania swali hilo ni la kutafuta nafasi tu. Kwa mwenzetu aliyetoka Burundi, Kongo, Rwanda au Comoro, ambaye bumu halimhusu kabisa, kuna swali linalotangulia: anaruhusiwa? Wahariri wameniomba niandike juu ya hilo kwa kuwa niko mwaka wa tatu wa sheria. Nimekubali kwa sababu nyingine. Mimi ni mtu wa Buhigwe.

Anayeijua Buhigwe ataelewa. Wilaya yetu ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na imepakana na Burundi. Kituo cha mpakani ni Manyovu. Ukivuka uko Mugina, Makamba. Muha akizungumza Kiha na Mrundi akajibu Kirundi, wanaelewana bila mkalimani. Msimu wa kupalilia maharage au kuchuma kahawa ukifika, watu huvuka, hupiga kibarua, hulipwa jioni. Nimekua nikiona hivyo. Pia nimekua nikisikia neno "msako", na siku hiyo mashamba hubaki matupu hadi saa sita mchana. Kwa hiyo sisi wa mpakani tunakuwa na mawazo mawili kichwani kwa wakati mmoja: kazi ni jembe na mkono, basi, lakini kuna karatasi fulani ambayo siku moja mtu ataiulizia.

Hiyo karatasi ndiyo somo letu leo. Na kwanza tuseme wazi kwamba si moja, ni mbili.

Ya kwanza ni ya kukaa nchini. Inatoka Uhamiaji, chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Vibali vya ukaazi viko katika madaraja A, B na C, na mwanafunzi huangukia Daraja C, pamoja na watafiti na wamisionari. Ya pili ni ya kufanya kazi. Inatoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015. Nayo ina madaraja yake: A ni wawekezaji na waliojiajiri, B ni fani maalumu zilizotajwa, C ni fani nyinginezo, D ni wa taasisi za dini na za hisani zilizosajiliwa, E ni wakimbizi.

Sasa hapa ndipo watu huchemka. Kuna Daraja C ya ukaazi na kuna Daraja C ya kazi, na herufi ni moja. Nimeona kwa macho yangu mwanafunzi akimwonyesha mwenye duka la kuchapa kibali chake, "Daraja C hii hapa, kaka," na mwenye duka akaridhika kwa sababu alishasikia mahali kwamba Daraja C ni ya wafanyakazi. Kila mmoja alikuwa mkweli, na wote wawili walikuwa wanavunja sheria. Daraja C ya mwanafunzi inasema unaruhusiwa kuwepo Tanzania ili usome. Haisemi neno lolote kuhusu mshahara.

Soma tena yale madaraja matano ya kazi. Umeona la mwanafunzi anayetaka saa kumi kwa wiki ili apate hela ya chakula? Halipo. Sheria yetu haikumfikiria mtu huyo. Ilitungwa ikimfikiria mhandisi au meneja anayeletwa na kampuni. Ndiyo maana mwombaji ni mwajiri, si wewe. Mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye sifa hakumpata, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Kibali kikitoka kinafungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Hakihami na wewe kwenda kwa jirani.

Nichukue mfano wa kweli. Mwenzetu mmoja wa Makamba, jina lake tuliache, alifuatwa na kituo cha tuisheni mjini. Walitaka afundishe Kifaransa Jumamosi na Jumapili. Kifaransa chake ni kizuri kuliko cha walimu wengi niliowahi kuwasikiliza, na hela aliyoahidiwa ingemtosha kodi ya chumba. Alikuja kuniuliza, "Ndugu yangu, nikubali?" Nilimwambia ajiulize kwanza swali moja: huyu mwenye tuisheni yuko tayari kuandika kwa Kamishna wa Kazi, kulipa ada kwa dola, na kueleza kwa nini hakupata Mtanzania wa kufundisha Kifaransa? Alicheka. Tulijua jibu sote. Kituo kilichomtaka kilimtaka kwa sababu alikuwa rahisi.

Hilo ndilo linaloniuma katika mada hii, zaidi ya vifungu. Asiye na kibali halipwi kama mwenye kibali. Mwisho wa mwezi mwajiri akimwambia "njoo wiki ijayo", ataenda wapi kushitaki? Sheria inamwadhibu mwajiri na inamwadhibu mgeni, lakini mwajiri ana duka na ana ndugu mjini. Mgeni anaweza kufukuzwa nchini, na shahada aliyoianza miaka miwili nyuma ikabaki hapa. Wale wapaliliaji wa kwetu Manyovu wanaijua hesabu hii vizuri: ukimdai sana bosi, msako unaweza kutokea kesho yake.

Wengine huniambia, "Lakini si tuna Soko la Pamoja?" Tunalo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Burundi ilikuwa ndani ya Jumuiya tangu 2007. Kongo imeingia mwaka 2022. Itifaki inazungumzia kwa kweli uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Ila haikufuta vibali. Kila nchi iliorodhesha aina za kazi inazozifungua, na kanuni zake zinasema aliyepata mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Kenya na Rwanda ziliondoa ada ya kibali kwa raia wa Jumuiya, na hapo watu wakasikia "hakuna kibali". Kuondoa ada si kuondoa kibali. Na kwa mwanafunzi, kanuni hizohizo zina hati yake ya mwanafunzi, ambayo ni ya kusomea.

Fildi je? Mafunzo kwa vitendo yaliyomo kwenye mtaala ni habari tofauti, kwa kuwa ni sehemu ya masomo yaliyokuleta. Hata hivyo, ushauri wangu ni usiondoke bila barua ya chuo inayotaja kozi, mahali na tarehe ya kumaliza, na uulize Uhamiaji kabla ya kuripoti, hasa kama kampuni inataka kukulipa. Posho ya nauli ni jambo moja. Ukianza kusaini karatasi ya mishahara, mkaguzi atakuona kama mfanyakazi. Na fildi ikiisha, imeisha. Ile tabia ya "baki kidogo utusaidie" ni nzuri kwa Mtanzania, kwa mgeni ni mtego. Wenzetu Kenya angalau wana hati maalumu ya mgeni anayefanya mafunzo kazini. Kama serikali ya wanafunzi inatafuta hoja ya kupeleka kwa wakubwa, hiyo ni mojawapo.

Anayesoma Zanzibar akumbuke pia kwamba Uhamiaji ni jambo la Muungano lakini kazi si la Muungano, hivyo kibali cha kazi cha Unguja na Pemba hutolewa na mamlaka za huko huko. Cha bara hakimsaidii.

Kuna kundi moja ambalo mkoa wetu unalijua kuliko mikoa mingine: wanafunzi waliotoka kambini. Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, ilipofunguliwa kwa Wakongo. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokuja kwa wingi. Hao wako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na kabla ya kufika kwenye swali la kazi kuna swali la kutoka kambini, ambalo nalo lina kibali chake. Daraja E lipo kwa ajili yao kwenye karatasi. Lakini mtu anayehitaji ruhusa ili alale nje ya kambi hatafutwi na waajiri wengi. Kama uko katika hali hiyo, anza na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, usianze na mwajiri.

Sasa tugeuze kibao, maana wapo Watanzania wanaosoma makala hii wakiwa na barua ya udahili ya nje mfukoni. Vijana wa Kasulu na Kibondo nao wanakuwa wageni.

Marekani, mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo, mwaka wa kwanza wa masomo, kwa kawaida hakuna kitu. Baada ya hapo kuna milango mitatu mikuu. Wa kwanza huitwa CPT: kazi iliyo sehemu ya mtaala wako, inayoidhinishwa na ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, na ruhusa huandikwa kwenye fomu yako ya I-20. Angalia: ukifanya CPT ya kutwa kwa miezi 12, umejifungia mlango wa pili kwa ngazi hiyo ya shahada.

Mlango wa pili ni OPT, miezi 12 ya kazi inayohusiana na ulichosomea. Wengi huitumia baada ya kuhitimu. Huu unaombwa serikalini kwa fomu ya I-765. Dirisha lake ni siku 90 kabla ya kumaliza programu hadi siku 60 baada yake, na ofisa wa chuo akishakupendekeza una siku 30 za kuwasilisha. Usianze kazi hadi kadi iwe mkononi na tarehe iliyoandikwa juu yake ifike. Ukishaanza OPT, siku zisizo na kazi zinahesabiwa, na zikizidi 90 umepoteza hadhi yako. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongeza miezi 24, kwa masharti makali zaidi kwa mwajiri.

Mlango wa tatu haujulikani sana, na kwa watu wa kwetu ndio wenye maana: dhiki kubwa ya kiuchumi isiyotarajiwa. Aliyemaliza mwaka mzima wa masomo anaweza kuomba kufanya kazi nje ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, iwapo mfadhili amekatika bila kosa lake, au sarafu ya kwao imeporomoka, au ugonjwa umeleta gharama kubwa. Mzazi anayekulipia kwa kahawa akifiwa na soko, hiyo ni hoja. Lakini lazima uiandike, uiambatanishie ushahidi, na kadi itoke kwanza. Kuanza kuosha vyombo kwa fedha ya mkononi huku ukisubiri ndiko kunakoharibu kila kitu.

Kwingine nitapita haraka. Uingereza, mwanafunzi wa shahada ana saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ni wiki yoyote, Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kufanya 30 wiki hii na 10 ijayo ukasema wastani umetimia. Kujiajiri hakuruhusiwi. Kanada ni saa 24 nje ya chuo tangu Novemba 2024. Ujerumani ni siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka tangu Machi 2024, na kazi za usaidizi chuoni kwa kawaida hazihesabiwi humo. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yahakiki kabla ya kukata tiketi.

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote ni la kazi ya mtandaoni. "Nakaa chumbani kwangu, mteja yuko Bujumbura, nani atajua?" Kujulikana ni jambo jingine. Mimi ninavyosoma sheria, kinachoangaliwa ni mahali ulipo wewe unapoifanya kazi, si mahali alipo mteja, na ningependa mwenye shaka apate jibu la maandishi kuliko la kijiweni.

Yule wa Makamba hakwenda tuisheni. Alipeleka barua idara ya lugha, akauliza kama chuo kinaweza kumtumia katika kituo chake cha Kifaransa, na kama ndiyo, ni nani ataulizia kibali. Hadi naandika haya barua iko kwenye faili, inasubiri sahihi. Ukitaka kufanya kama yeye, beba nakala ya pasi, kibali cha ukaazi, barua ya udahili na maelezo ya kazi yenye saa na malipo, upite kwanza kwa mshauri wa wanafunzi, kisha Uhamiaji, kisha ofisi ya kazi. Nenda asubuhi. Na jibu lolote utakalopewa, omba liwe na muhuri.