Usimnyang'anye Mtoto Katuni

Mdogo wangu, sogea hapa, leo nina neno na wewe. Kila siku ni lawama zilezile: dada, mwanangu yuko darasa la nne, kitabu anakisoma mpaka majirani wanasikia, lakini ukimuuliza kimesema nini anatazama dari. Halafu huyohuyo ukimkuta na katuni unampokonya, eti takataka. Hapo ndipo tunapokosana.

Usione haya, nyumba nyingi zina kilio hicho. Na ninyi wa Gitting mna la ziada. Mtoto anaamka na Kiiraqw au Kidatooga, anacheza nacho, anachunga nacho, Kiswahili wanazoeana darasani. Silabi atazitamka zote, maana ikabaki njiani. Ukimchapa unamfundisha kuogopa kitabu, basi.

Katuni inamfaa kwa sababu haisemi yote. Picha ya kwanza, kijana anapanda mparachichi wa watu. Ya pili, anachechemea kwenda kwa mama yake. Katikati kumetokea nini? Hakikuandikwa, lazima akitafute mwenyewe kichwani. Huo ndio ufahamu wanaoutaka kwenye mtihani. Funika kiputo kimoja cha maneno kwa kidole gumba, muulize huyu atajibu nini, na yule pale anasema au anawaza tu? Akikujibu kwa Kiiraqw usimkatize. Ameelewa huyo! Kiswahili mtakitafuta pamoja.

Sisi tuliokulia na jarida la Sani, na vituko vya akina Madenge na Lodi Lofa, hakuna aliyetusukuma kusoma. Ila kuwa macho, mengine mle ni ya wakubwa. Pitia wewe kwanza, usije ukaulizwa maswali mbele ya baba mkwe.

Huna hela ya majarida? Kata boksi, chora njia ya vyumba kama ya ludo, kimoja kiwe kisima, tumia vizibo vya soda kuwa kete, tafuta dadu. Kisha andika vikaratasi vya mambo anayoyajua, kila mwenye zamu asome kimoja: "Mbuzi wako wameingia kwenye ngano ya jirani. Rudi nyuma vyumba vitatu, isipokuwa kama umeshapita kisimani." Mwenye pupa anaona "rudi nyuma" anarudi, wenzake wanacheka, kumbe alishapita kisimani zamani! Zamu ijayo utamwona anasoma mpaka nukta. Lile neno "isipokuwa" halimpiti tena.

Sasa nisikie ukisema umemnunulia katuni, umemwachia, wewe uko kwenye simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Robo saa baada ya chakula inatosha, kaa naye. Wala usiugeuze mchezo kuwa mtihani, kila kikaratasi maswali kumi. Atakukimbia, na mimi nitakuwa upande wake.

Na akikushinda, kubali umeshindwa. Usianze kusema dadu lilianguka vibaya.