Siku mbili katika bonde la Lufira

SWALI: Wanangu wameona picha za mabonde ya Uswisi, sasa wanataka ziwa na maporomoko. Tunakaa Lubumbashi. Niwapeleke wapi?

JIBU: Ndugu yangu, wapeleke Kapolowe. Fuata barabara ya Likasi hadi Kapolowe-Gare, kisha ushuke kwenye ziwa Tshangalele. Ziwa hilo limeundwa na watu: mto Lufira ulizuiwa Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba. Tangu 1982 bonde la Lufira limo katika hifadhi za viumbe hai za UNESCO.

Fikeni alfajiri. Ukungu ukiwa bado juu ya mafunjo, mitumbwi inarudi. Wavuvi wanakung'uta nyavu, na samaki wanamwagwa kwenye beseni wakiwa bado wanarukaruka. Hapo hapo akina mama wanaanza kupatana bei. Waonyeshe watoto mdiria anavyosimama hewani, mabawa yakipiga, kabla ya kujitupa majini. Mimi ningekaa hapo asubuhi nzima. Mchana kuleni bukari na samaki wa kukaanga.

Siku ya pili nendeni kwenye maporomoko ya Mwadingusha, ila ombeni ruhusa kwa walinzi wa kituo kwanza. Maji mengi hupitia kwenye mitambo, kwa hiyo maporomoko hupendeza zaidi mvua zikikolea. Maporomoko ya Lofoi, yenye zaidi ya mita 300, yako mbali, kwenye mbuga ya Kundelungu; yaachieni safari yake, wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu.